Mkono Mbele ya Mdomo

Khebthang, kwenye maji moto
Mwaka wa Nyoka, mwezi wa kumi, tarehe kumi na mbili

Mdogo wangu Sithar Zam,

Nimefika. Goti nalo limefika, ingawa limenisumbua njia nzima kuanzia pale gari linapoishia. Yule mwenye farasi alifunga mzigo ovyo, sufuria ikawa inagonga mawe kila kona, nikamwambia ukiivunja utanipikia kwa viganja vyako. Akaifunga upya. Mtu ukimwambia vizuri anaelewa.

Hema langu liko karibu na bwawa la viungo. Huku ukitaka kujua siri ya mtu, tazama anapooga tu. Wenye tumbo bwawa lao, wenye ngozi lao, wenye viungo sisi hapa, na lile la juu kabisa ni la yale magonjwa ambayo watu hawayataji. Jana aliingia kule mzee mmoja mwenye cheo, kajifunika shuka mpaka puani, na wanawake wote wa bwawa letu wakamsalimia kwa jina kwa sauti ya juu. Nilicheka mpaka nikameza maji.

Asubuhi tunapanda hekaluni, tunalizunguka, tunawasha taa za siagi, ndipo tunarudi kujichemsha. Mtunza hekalu ni mwanamume aliyefiwa na mkewe, kwa heshima wanamwita Ap Kado, sauti kama ya mtu anayefukuza ng'ombe kwenye mpunga. Siku ya kwanza tu kanigombeza mbele za watu. Eti nimejaza siagi kupita kiasi, taa itamwagika. Nikamwambia, "Ap Kado, sisi wa Nabjikha hatumpimii Buddha siagi." Akanywea. Lakini taa ilimwagika kweli, na ni yeye aliyeifuta.

Jioni nikakuta mbele ya hema langu mzigo wa kuni kavu. Hakuna anayejua nani kauleta. Mimi najua, maana lile fundo ni la mtu anayefunga mizigo kila siku, na Ap Kado ndiye anayebeba kuni za hekalu. Leo kaleta jibini. Nikafunika mdomo kwa mkono, nikasema hapana, hapana, usijisumbue. Akanisukumia tena, nikakataa tena. Ya tatu nikapokea, kama mtu aliyelelewa. Mama angetufinya masikio kama angesikia nimepokea mara ya kwanza, unakumbuka.

Niambie ng'ombe anaendeleaje, na pilipili za juu ya paa uzianue kabla ya umande.

Dada yako,
Gyem Lham

Nabjikha
Mwezi wa kumi, tarehe ishirini na moja

Dada Gyem,

Pilipili nimeshaanua. Mimi si mtoto.

Ng'ombe hajambo, nguruwe wa jirani hajambo kupita kiasi, maana kaingia kwenye figili zetu na kala safu nzima. Nimemwendea mama mwenyewe, Aum Nim Dem, nimemwambia nguruwe wake sasa ni nusu wangu. Kacheka, kanipa pombe ya mchele, nikakataa mara mbili kisha nikanywa, na tumesameheana.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma mwenyewe bila kusaidiwa, darasa la watu wazima halikupotea bure. Nilitaka habari za goti. Goti limepata mstari mmoja. Ap Kado kapata ukurasa. Ap Kado ana sauti, Ap Kado ana kuni, Ap Kado anajua kufunga fundo. Nim Dem kaniuliza, "Dada yako kaenda kutibu goti au kaenda kutibu nini?" Nikamjibu bwawa lile la juu la magonjwa yasiyotajwa lipo kwa kazi hiyo.

Nakutania. Lakini na wewe usinifiche. Tangu mumeo Rinchen afariki nimekaa na wewe kwenye jiko moja, naujua ukimya wako na naujua mdomo wako. Ukianza kumsema mtu vibaya mfululizo, hapo kuna jambo.

Hapa kumetulia mno. Jana nilipika wali wa watu wawili kwa kusahau, nikampa mbwa.

Mdogo wako,
Sithar Zam

Khebthang
Mwezi wa kumi na moja, tarehe tatu

Mdogo wangu,

Mbwa huyo atanenepa. Punguza mkono.

Haya, nisikufiche. Alikuja jana na chupa ya chai ya siagi. Tukakaa kwenye gogo nje ya hekalu, jua zuri, watu wako chini mabwawani wanapiga kelele zao. Akamimina chai, nikakataa, akamimina, nikanywa. Kisha akakaa anazungushazungusha kofia yake mikononi mpaka nikamwonea huruma.

Akasema, "Aum Gyem, baridi ikiisha watu wote watashuka."

Nikasema, "Wana mashamba yao."

"Wewe usishuke."

"Nibaki nafanya nini? Nikuhesabie nyani?"

Akasema, "Jiko langu lina upande mmoja mtupu tangu mke wangu afariki. Mimi siwezi kushuka kwenu kama mume anavyotakiwa, ukoo wetu ndio ulioshika funguo za hekalu hili tangu babu wa babu yangu, na baada yangu hakuna wa kuzishika. Najua nakuomba kitu kinyume na desturi. Najua nyumba ya Nabjikha ni yako na ya mdogo wako. Lakini nakuomba."

Sithar, moyo ulinidunda kama msichana. Nikafunika mdomo kwa mkono. Nikasema hapana, hapana, mimi ni kizee, goti bovu, unataka kujitwika mzigo huu wa nini. Akatabasamu. Leo asubuhi tukiwa tunalizunguka hekalu akaniuliza tena, na mimi nikakataa tena, na safari hii kila mtu aliyekuwa nyuma yetu alikuwa kashaanza kucheka.

Basi sasa nasubiri ya tatu. Nimeoga, nimesuka nywele, nimekaa nje ya hema mchana kutwa. Hakuja. Nimemwona kwa mbali akipanda kwa Lama wa hekalu na kurudi.

Unaweza kusema dada yako kapungukiwa akili, na shauri yako. Nina goti bovu lakini macho yangu ni mazima, na huyu mtu nimemwona vizuri. Akiniuliza ya tatu nitasema ndiyo. Sijakuuliza wewe unaonaje, na hilo linanikera rohoni, maana nyumba ni yetu wote. Nikuulizeje kabla hata mwenyewe hajamaliza kuuliza?

Dada yako,
Gyem Lham

Hekalu la Khebthang
Mwezi wa kumi na moja, tarehe sita

Kwa Aum Sithar Zam wa Nabjikha, pamoja na heshima,

Mimi ni Kado, mtunza hekalu. Sijui kuandika, hivyo Lama ananiandikia. Nimemwomba aandike maneno yangu kama nilivyoyasema, asiongeze.

(Sijaongeza. Ila nimeondoa kikohozi. Lama.)

Aum, wewe hunijui. Mimi ni mtu wa kawaida. Nina farasi watatu, jiko lisilotoa moshi mwingi, na meno yangu mengi bado yapo. Sinywi sana isipokuwa sikukuu.

(Hapa nimemtazama. Kasema niandike "sinywi sana" na nisimtazame.)

Dada yako nimemwomba akae huku nami. Nimemwomba mara mbili. Ya tatu sijamwomba, na naona ananikasirikia, lakini nina sababu. Ya tatu ndiyo mtu anayojibu kweli. Sitaki ajibu kweli kabla wewe hujasema. Akija kwangu, jiko langu litajaa na lako litabaki na mtu mmoja, na mimi najua kukaa na jiko la mtu mmoja kulivyo. Singependa mtu anipe furaha kwa kumvua mwingine yake bila hata kumbishia hodi.

(Hapa kaomba nimsomee tena mstari huu. Nimemsomea.)

Kwa hiyo nabisha hodi. Ukisema ndiyo, nitamuuliza siku hiyohiyo. Ukisema hapana, sitamuuliza tena na sitakulaumu.

Kado

(Ni mtu mwema. Hili nimeongeza mwenyewe. Lama.)

Nabjikha
Mwezi wa kumi na moja, tarehe kumi na nne

Kwa Ap Kado, mtunza hekalu, pamoja na heshima nyingi,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Hapana, hapana, Ap. Sisi ni nani hata mtu wa hekalu ajisumbue kwa ajili yetu? Dada yangu ni mtu mzima, anakoroma, supu yake ina chumvi nyingi, na akianza kusema hanyamazi. Goti lake halitapona kwa maji moto wala kwa maji baridi. Wewe unastahili mtu mwenye nguvu za kubeba kuni. Nyumba yetu ni kama zizi tu, na waliomo ni watu wa mashambani wasiojua lolote.

Naomba usijisumbue kabisa. Hapana, hapana.

Ubaki salama, na Lama pia.

Sithar Zam

Khebthang
Mwezi wa kumi na moja, tarehe ishirini na tano

Sithar,

Nimejua kila kitu. Lama kaniambia na kunipa barua yako nisome, na ilibidi nimbane, maana alikuwa anajitia kusali kila nikimkaribia.

Siku nyingi Kado alikuwa ananipita kama mti. Kuni zilikoma kuja. Anapanda hekaluni alfajiri kabla yetu na anateremka kwa njia ya nyuma. Nikajisemea, basi, kaniona vizuri kwenye jua, kabadili mawazo. Nililia, Sithar. Ndani ya bwawa, ambamo watu wote wana maji usoni na hakuna anayeuliza.

Kumbe alikuwa anasubiri jibu lako. Na jibu lako likaja.

Mimi nakujua, na nilipolisoma nilicheka kwanza, kwa sababu ni adabu tupu, Mama mwenyewe angekusifu. Anakoroma! Zizi! Lakini hebu fikiri. Mtu ukimkatalia chai, anakuona. Anaona mkono mdomoni, anaona jicho linavyocheka, na birika lake bado liko juu ya kikombe chako, anamimina tu. Kado aliona nini? Karatasi. Na anayemsomea ni Lama, ambaye hata ukimpa mapishi ya pilipili anasoma kwa sauti ya mazishini. "Hapana, hapana. Naomba usijisumbue kabisa." Kado kaahidi kwa maandishi kwamba ukikataa hataniuliza tena, na yeye ni mtu wa kutimiza ahadi, mpumbavu yule.

Kisha kaenda hekaluni kuomba jibu kwa dadu. Kazirusha mbele ya madhabahu, zikaanguka vibaya. Lama kamwambia desturi ni ileile, washa taa, omba, rusha upya. Kasema hapana, mdogo wake kakataa na dadu zimekataa, mimi ni nani nizidi kubisha.

Nilikuwa tayari kukuandikia, "Mwandikie upya haraka, mwambie ilikuwa adabu." Nikashika kalamu. Kisha nikaisoma barua yako tena, na nikaona kitu. Hukutuma chochote. Hata kibaba cha mchele mwekundu, hata pilipili kavu kwenye karatasi. Wewe, ambaye hujapata kumtumia mtu salamu mikono mitupu tangu uzaliwe. Mtu anayekataa kwa adabu huku anataka aombwe tena, huwa anaacha mlango wazi kidogo.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinichezee. Ulikataa kwa adabu, au ulikataa kweli?

Gyem

Nabjikha
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe mbili

Dada,

Barua yako nimeisoma jikoni, nimesimama.

Umeniuliza, nakujibu. Nilifunika mdomo kwa mkono kama tulivyofundishwa, lakini nyuma ya mkono mdomo nao ulikuwa unasema hapana. Nilijua akiisoma anaweza kuamini. Nilijua wewe utasema ni adabu. Nilijificha katikati ya hayo mawili nikajiona mjanja. Mchele nilikuwa nimeshaupima kwenye mfuko, nikaurudisha ghalani.

Naogopa, ndiyo hivyo. Ulipoolewa na Rinchen, yeye alikuja kwetu, tukawa watatu, sikupoteza kitu. Sikuolewa wala sikuona upungufu, kwa sababu nilikuwa na wewe wa kugombana naye. Sasa unaondoka wewe. Nani ataniambia nimechoma wali? Nani atasema uongo kwamba hakukoroma? Nyumba hii ina ngazi, ina dirisha la maua, ina madhabahu ya Mama, na usiku nasikia panya tu.

Hayo ndiyo ya kwangu. Lakini barua ya yule mtu ninayo, na nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokuambia. Dada, watu wangapi wangekumbuka kwamba mimi nipo? Angekuuliza tu ya tatu, ungesema ndiyo, na mimi ningesikia kwa mwenye farasi. Yeye akaona kuna mtu wa pili jikoni. Nimemlipa kwa kumdanganya kwa adabu.

Siandiki kwake tena. Karatasi haina uso. Nakuja mwenyewe. Ng'ombe nampeleka kwa Nim Dem kesho, kisha napanda kwa njia ya mgongoni mwa mlima, ni fupi. Barua hii naitanguliza kwa mwenye farasi ili usimfukuze huyo mtu wala usijifukuze mwenyewe kabla sijafika.

Nisubiri.

Sithar

Nabjikha
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe tano

Sithar Zam, kichwa kigumu wewe,

Nimefika nyumbani nimekuta mlango umefungwa, ng'ombe hayupo, na mbwa ananibwekea kama mgeni. Nim Dem kanipokea kwa kicheko mpaka kakaa chini. Kumbe nilipokuwa nateremka kwa njia ya mtoni juu ya farasi, kwa ajili ya goti, wewe ulikuwa unapanda kwa mgongoni. Nim Dem anasema ulinitangulizia barua. Sikuiona.

Nilishuka kwa sababu nilichoka kusubiri jibu lako. Swali lile halijibiwi kwa kalamu. Nilitaka nikuulize huku nakuangalia.

Lakini nimelala hapa nyumbani peke yangu usiku mmoja, na nimejua. Jamani, kimya hiki! Nimepika wali, nimesahau, nimepika wa watu wawili. Umekaa hivi tangu mwezi wa kumi na hukuniambia ila kwa utani wa mbwa.

Basi sikiliza. Sihitaji tena kukuuliza. Kama ulikataa kweli, ulikuwa na haki, na mimi nabaki. Sijaja kulia wala kulalamika. Nimekuwa mke wa mtu mwema mara moja, inatosha kwa mwanamke mmoja. Kado atazoea, na mimi nitazoea. Mwambie asipande alfajiri na viatu vile, mawe ya kule yanateleza kwa ukungu. Oga vizuri kwa kuwa umeshafika, kisha shuka, tutapanda vitunguu.

Dada yako,
Gyem Lham

Khebthang, ndani ya hema lako
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe kumi

Dada Gyem,

Vitunguu panda mwenyewe. Mimi nina kazi huku.

Barua niliyokuandikia nimeikuta kwa Lama, haijafunguliwa. Naiweka humu ndani ya hii. Isome kwanza yote, unitukane, kisha endelea na hapa.

Umeshanitukana? Haya.

Nilifika nimechoka, kila kiungo kinalia, nikaambiwa Aum Gyem kashuka juzi. Nilikaa chini kwenye jiwe nikasema maneno ambayo sitayaandika karibu na hekalu. Kisha nikaona, kwa vile nimefika, nijichemshe. Nikaingia bwawa la viungo na wanawake wenzako, maji mpaka shingoni, na ndipo akapita mtu mrefu na mzigo wa kuni, kainamisha kichwa, haangalii upande wowote. Sikuhitaji kuambiwa.

Nikaita, "Ap Kado! Mimi ndiye Sithar Zam wa Nabjikha!"

Kuni zote chini. Moja ikabingirika mpaka ndani ya bwawa la tumbo na watu wakapiga kelele. Akavua kofia, kajikunja kunisalimu, mimi niko ndani ya maji kama figili kwenye supu.

Nikamwambia, "Nilikuandikia vibaya. Nusu ilikuwa adabu, nusu ilikuwa woga, na yote ilikuwa uongo isipokuwa kukoroma. Mchukue dada yangu."

Na yeye, Dada, unajua alifanya nini? Akafunika mdomo kwa mkono! "Hapana, hapana, Aum, mimi ni nani, jiko langu dogo, sistahili." Ebo! Mabwawa yote yakaangua kicheko, hata yule mwenye cheo wa bwawa la juu alitoa kichwa kwenye shuka. Nikasema mara ya pili, mchukue. Hapana, hapana, Aum, usijisumbue. Nikamwambia, "Ap Kado, maji haya yananipika. Nakuuliza ya mwisho, na ukikataa natoka humu kama nilivyo."

Akashusha mkono. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na sauti yake ile. Akasema ndiyo. Kisha akasema tena ndiyo, polepole, bila kumwangalia mtu.

Jioni tukapanda kwa Lama. Niliwasha taa kwa siagi ya ng'ombe wetu niliyoibeba mgongoni, na nikazijaza kama wa Nabjikha, na Kado akasimama pembeni anaziangalia zikifurika na hakuthubutu kusema neno. Alirusha dadu mbele ya madhabahu. Zikaanguka vizuri. Lama kaniambia kando kwamba zingeanguka vibaya, angemwamuru azirushe mpaka zichoke.

Sasa umeandika kwamba unabaki. Nimeisoma hiyo barua yako mbele yake, kwa sauti yangu mimi, si ya Lama. Nilipofika pa viatu na ukungu alitoka nje. Nitakuambia alichosema aliporudi. Alisema, "Kama anataka kubaki na wewe, abaki. Nimeshafurahi kiasi cha kunitosha." Alisema kweli, niliangalia mkono wake, ulikuwa chini.

Kwa hiyo hakuna anayekuvuta, Dada. Yeye kakuachia, na wewe umejitoa kwa ajili yangu, na mnataka mimi nikae katikati yenu nile vitunguu? Siwezi. Nitakuwa peke yangu Nabjikha, na nitalia, usiku wa kwanza hasa, na pengine wa pili. Nitapika wali mwingi. Nim Dem atachoka na mimi. Msimu wa kupandikiza mpunga nawataka wote wawili shambani, mikono minne, na huyo mumeo nitamfundisha kusimama kwenye tope la watu. Lakini nyumba nitaikalia. Nimeikalia tangu mwezi wa kumi na haijaanguka, na mimi pia sijaanguka.

Mwenye farasi anayeleta hii nimemwambia asirudi bila wewe. Kaleta farasi mpole kwa ajili ya goti. Najua utaanza. Utasema hapana, hapana, mdogo wangu, nitakuachaje, na mkono utaenda mdomoni wenyewe. Umekataa mara mbili kwake, na mara moja kwangu kwenye barua yako ya kubaki. Tatu zimetimia, sasa jibu kweli.

Panda.

Mdogo wako,
Sithar Zam